Mvua ya mawe uani kwangu, na sepetu ya Ndirangu

Ijumaa. Vumbi limetanda Doha tangu alfajiri, na jua linaonekana kama sahani ya bati.

Kosa tunalofanya wengi wenye nyumba za kupangisha ni kudhani tunapangisha vyumba tu. Mpangaji anaishi uani pia: anapoanika nguo, anapopita, maji yanapotokea. Ukipaka chumba rangi na kuusahau ua, umefanya nusu ya kazi.

Hayo nayajua vizuri. Hapa Al Thumama, mtaa wa Doha, kazi yangu ni kusimamia usafi wa nyua za majumba ya watu. Vumbi likipita, watu wangu huzoa mchanga milangoni kabla wapangaji hawajaamka. Ploti yangu mwenyewe, vyumba sita kule Nyahururu, Kenya, haina wa kushika ufagio.

Kwa asiyepajua, Nyahururu ni baridi, na mvua ya mawe huweza kuufunika ua mzima ukawa mweupe kama theluji ya Ulaya. Watu huizoa kwa sepetu. Isipozolewa upesi huziba mtaro, kisha ikiyeyuka maji hutafuta mlango ulio chini kuliko yote. Kwangu mlango huo ni wa Mama Njeri, fundi cherehani, mpangaji wangu wa miaka tisa.

Jumatatu alinitumia video. Ndirangu, mwenye ploti ya jirani, alikuwa uani kwangu amevaa gambuti, anazoa mawe na kuyatupa nje ya geti. Wapangaji wangu wamemzunguka, wanacheka. Mmoja akamwita, "Mwenye ploti, kuja na huku!"

Ndirangu hakulikataa jina hilo. Alienda.

Niliitazama video hiyo mara nane.

Wivu wa mtu mzima una aibu, kwa hiyo hujifanya busara. Nilimwandikia Mama Njeri maneno mengi kuhusu mipaka na utaratibu, nikamalizia: "Mwambie Ndirangu asiguse ua wangu. Nitatafuta mtu." Akajibu, "Sawa, Mzee."

Sikutafuta mtu.

Jana mawe yakanyesha tena. Leo, tukitoka kanisani Mesaimeer, maana hapa ibada ni Ijumaa, nilifungua ujumbe wa sauti wa Mama Njeri wa asubuhi hii ndani ya gari la Otieno, dereva wa kampuni yetu. Sikuwahi kupunguza sauti, naye akasikia yote.

"Mzee, mimi nilikuwa sokoni. Ndirangu alisimama hapo kwa fensi na sepetu yake akaangalia tu, kwa sababu ulisema. Maji imeingia. Nguo za harusi za watu zimelowa zote, na harusi ni kesho. Na Ndirangu ako na chumba kwake. Niambie tu, nihame ama nikae?"

Otieno huniita Mwalimu kwa sababu nilifundisha jiografia miaka mingi. Akasema, "Mwalimu, kwani umeonea mtu wivu juu ya kuzoa barafu? Si hata ungemwachia hiyo."

Nilitaka kumkaripia. Badala yake nikausikiliza ujumbe tena.

Sasa niko chumbani na ninaandika ukweli. Ndirangu kuingia bila ruhusa hakukuniuma. Kilichoniuma ni kwamba yeye yuko pale. Anajua mtoto wa nani anakohoa, na anasikia mawe yanapoanza kugonga mabati. Mimi ploti ile nimeijenga kwa simu, tofali kwa tofali, na yeye kwa asubuhi moja ameitwa jina langu. Hata ninapoandika hivi, bado linaniuma.

Lakini nguo zilizolowa si zangu. Mama Njeri ndiye atakayesimama mbele ya bibi harusi kesho na kueleza, na hawezi kusema kwamba mwenye nyumba alikuwa na wivu.

Nimemjibu: "Kaa. Kosa ni langu." Amesoma. Bado hajaandika kitu.

Namba ya Ndirangu ninayo. Nilijiambia nitampigia nikishatulia, ila najua sitatulia hivi karibuni, na huko mvua hunyesha alasiri.

Basi najiambia: mpigie leo, kabla ya saa nane, umwombe aingie uani.