Kiti cha Baba Kisicho na Msumari

Jumatano, 13 Agosti 2025
Bila mimi, Kakamega hii ingekuwa bado inakalia mawe. Nilimwambia jirani hivyo leo hapa Shieywe, akacheka. Acheke. Nani mwingine ana kiti kama changu? Mvule tupu, wa mti uliopigwa na radi mara tatu ukakataa kuanguka. Msumari – hakuna. Gundi – hakuna. Ulimi wa mbao unaingia kwenye tundu, kigingi cha mti kinafunga, basi. Marehemu baba alikitengeneza kwa ajili ya mama mmoja mzungu aliyebaki Lugari wenzake wakishauza mashamba. Alitaka mfano wa kiti cha nyanya yake kilichokuja na meli. Akasafiri ghafla, kiti kikabaki kwetu. Patasi niliishika mimi, na miaka yangu saba! Baba alikuwanga ananiuliza, hapa je? Namwambia, ongeza kidogo.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimekisugua na nta ya nyuki mpaka nikaona meno yangu. Jumamosi wakwe wanakuja kumposa Winrose, binti ya marehemu ndugu yangu. Wa kumtoa ni mimi, na nitamtoa nikiwa kwenye kiti. Dada yangu Sellah amepiga simu kutoka Matete. Anasema nisikikalie, hicho ni cha kutazama. Ati yule mama alikuwa mwembamba kama mua wa kiangazi, na baba alimpima na kamba. Nikamwambia wewe ulikuwanga jikoni, utajua nini ya viti. Akasema ataleta ingokho mbili, kuku wa wageni.

Ijumaa, 15 Agosti
Mvua. Suti yangu ya harusi imekataa kufunga. Nguo za siku hizi zinasinyaa zenyewe ndani ya kabati.

Jumamosi, 16 Agosti
Naandika nikiwa ndani ya kiti. Ndani, si juu.

Mambo yalianza vizuri. Mzee Kipkemboi, babake kijana, alikizunguka akipapasa viungo, akauliza vinashikana na nini. Nikamweleza. Nikasema naweza kukifungua chote na kukirudisha nikiwa nimefumba macho. Halafu nikaketi. Kikatoa sauti kidogo – kikanishika kiuno.

Wakati wa maombi wote walisimama, mimi nimeketi. Nikasema ni mila yetu, mwenye boma hasimami mpaka wageni waondoke. Winrose akanitazama kama mtu aliyeona nyoka kwenye sufuria. Lakini Mzee Kipkemboi aliheshimu sana! Akasema kwao pia kuna mila: mgeni hataji posa, wala haondoki, mpaka mwenyeji asimame amshike mkono. Akarudi kuketi.

Basi tumekaa. Obusuma, ugali wetu, imeliwa, chai imeisha, watu wamesifu paa mara mbili. Posa haijatajwa. Winrose akaniinamia kama anaondoa vikombe. "Ankoo, siku yangu isiharibike. Kuna fundi wa Malava hapo nje, ana msumeno." Msumeno! Kwenye kiti cha baba! Nikamwambia angoje.

Sasa Sellah ametoka jikoni na nyundo ya mti ya baba, ameifunga leso. Kumbe alikuja nayo kutoka Matete. Amepiga magoti kando yangu, ameuliza, na sebule yote imesikia.

"Ndugu yangu, fundi si ni wewe? Kigingi cha kwanza ni kipi? Nikianza na kisicho chenyewe, mkono wa kiti utapasuka."

Nimesema subiri kidogo, mpango uko kwenye daftari yangu. Ndiyo maana naandika. Wanadhani nasoma. Mzee Kipkemboi amevaa miwani, amesogeza kiti chake karibu. Winrose amefumba macho, anaomba.

Sellah hanisukumi. Kidole chake kiko juu ya kigingi kimoja, hapa chini ya mkono wa kushoto. Kimetulia hapo kama kimefika nyumbani. Anangoja tu niseme mimi.

Vigingi vyote vinafanana. Sijui hata kimoja. Patasi aliishika yeye, Sellah. Mimi nilikuwanga nimelala kwenye maranda, mdomo wazi.