Mashine ya Kumnyamazisha Pretty

Jumatatu, 3 Machi 2025
Pretty wa saluni ya jirani kaanza tena. Anawaambia wateja krimu yangu inachoma watu. Yeye, anayechoma nywele za watu kila siku! Krimu naitoa Bwera, mjini mpakani, kwa Enid muuza jumla, kwa ndoo. Naijaza kwenye vikopo, nabandika jina langu: Medius Glow. Ndiyo inayolisha hiki chumba changu cha urembo. Sasa nanunua mashine ya kupima ngozi. Nyuso za wateja wangu zitajisemea zenyewe, na Pretty atafunga mdomo.

Jumatano, 5 Machi
Bwera. Anselme, muuzaji kutoka ng'ambo ya mpaka, ana mashine kubwa yenye skrini — unaingiza uso, inatoa ripoti. Nikaingiza. Miaka sitini na moja! Nina thelathini na nne, asante sana. Na chunusi kali. Sina hata moja.

"Mashine iko sawa, madame. Haiwezi kudanganya mutu."

Ingia wewe basi, nikamwambia. Naye sitini na moja. Kumbe tu mapacha.

Njiani ndipo nikajua kosa. Mafuta! Tulikuwa tumejipaka wote wawili. Nani hapa kwetu anatoka nyumbani uso umepauka, watu waseme ameshindwa maisha? Hata kupimwa ngozi tunakwenda tunang'aa kama mandazi yaliyotoka kwenye karai. Mashine inasoma mafuta, inaita ugonjwa.

Nimechukua kioo cha kukuza chenye taa, cha kusimama. Hakina skrini, hakinitukani. Mwalimu wetu wa chuo cha urembo alitumia hicho hicho. Kwa Enid nimebeba ndoo nyingine.

Alhamisi, 6 Machi
Kioo kimesimama. Pretty kachungulia mara tatu. Karibu, dada.

Jumamosi, 8 Machi
Siku ya Wanawake. Benchi limejaa. Wa kwanza Aryemo, mke wa sajenti kule kambini — miezi minane anapaka Medius Glow, na anaisifu kambi nzima. Nikaacha mlango wazi makusudi, Pretty asikie.

Nikamwosha uso, nikawasha taa. Mashavuni, mishipa myekundu, myembamba kama nyuzi. Mafuta, nikajiambia. Nikafuta. Ipo. Pamba mpya, nikafuta tena. Ipo! Na ngozi yenyewe imekuwa nyembamba kama utando wa maziwa. Mwalimu alituonyesha picha za namna hii. Dawa kali ndani ya krimu, alisema, na mpakaji hajui.

Naogopa. Naandika nyuma ya pazia, eti natafuta pamba.

"Unaona nini huko?" Aryemo anaita. "Sema tu! Mimi si kuruti."

Pretty yuko mlangoni, mkono kiunoni. Leo hasemi kitu. Afadhali angesema.

Aryemo anaita tena. Anasema kama ngozi imekauka, nimwongezee kikopo. Hapana, viwili — kimoja cha binti yake, yule wa darasa la tano.