Fundi Fakihi Hayupo, na Batuli Keshamnunulia Kikoi

Basi ndiyo hivyo mpendwa mshauri, tulikuwa tumefika kwenye magari, maana ile barua ya wiki iliyopita niliikatiza bomba lilipotoa maji nikakimbilia ndoo, niliporudi siikuti, nadhani kuku wanajua ilipo, kwa hiyo nakusimulia yote tena na msaada nauomba hapa hapa juu nisije nikasahau: nisaidie, nimemtunga mwanamume asiyekuwepo na shoga yangu kampenda.

Shikamoo kama umenizidi, kama mimi ndiye mkubwa basi marahaba.

Mimi nauza mitumba ya watoto hapa Kilwa Masoko, nguo, viatu, na mara moja moja belo la midoli. Sasa kwenye midoli huwa mna yale magari yanayogeuka mtu, unavuta bodi huku, unazungusha mlango kule, kraa kraa kraa, gari linasimama kwa miguu miwili linakutazama. Mazima yanagombaniwa, lakini mabovu, lisilo na mkono, lisilo na tairi, nani anayataka, nilikuwa natupa. Mwaka jana mwezi wa Ramadhani nikalipata moja jekundu limekwama nusu gari nusu mtu, nikalionea huruma, nikalifungua kwa bisibisi ndogo ya kufungulia simu, mshauri wallahi ndani mna vijiti na vishimo vimepangwa mpaka raha, nikasafisha, nikafunga, nikavuta, kraa! Likasimama! Nikapiga vigelegele peke yangu chumbani na saumu yangu mdomoni. Tangu siku hiyo sijapona.

Na sinunui kitu, maana cha kununulia chenyewe hakuna. Nawaosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, nawasugua kwa majani ya msasa ninayoletewa na dada yangu kutoka Mitole, tairi nakata kandambili iliyochoka, ngao kisoda, taa za mbele rangi ya kucha iliyobaki ya harusi, macho nayazungushia wanja. Mkono ukikosekana nachukua wa mwenzake asiyefaa tena, naupitishia kipande cha waya wa gurudumu la baiskeli, unaingia wenyewe. Na kifuani sasa, hapo ndipo roho yangu ilipo, namvisha ukili, huu huu wa mkeka ila mwembamba kama utepe, ukindu wa rangi tatu, na kwa kuwa unakunjika, akiwa gari unakuwa paa, akisimama unakuwa kizibao. Ungeona! Wazazi wakipita kwenye meza yangu wanasahau walichofuata.

Yote hayo nafanya mume wangu Hussen akienda shamba, nimejifungia, redio juu. Siri yenyewe ilianza kwa wifi yangu, aliingia siku moja bila hodi akanikuta na gari mapajani, akacheka mpaka akakaa chini. "Wifi, mjukuu huna, unamchezea nani?" Nikasema si langu, la fundi. Fundi gani? Mdomo ukajibu wenyewe: Fundi Fakihi, wa Mitwero, Lindi huko. Nitafanyaje mshauri, hapa Masoko habari zote zinapita kwangu kwanza, nani kaachika, nani kaposwa, nani kauza korosho akamdanganya mkewe, sasa siku watakaponisema mimi, mama wa miaka hamsini na mbili anacheza magari, nitapita njia gani?

Basi wateja wakaanza kumuulizia Fakihi nami sikuwanyima. Nikampa ndevu. Nikampa sauti nzito. Halafu siku moja nikanogewa nikasema masikini amefiwa na mke, na hapo ndipo nilipoharibu, maana Batuli alikuwa amekaa pale pale.

Batuli ni shoga yangu tangu tulipotolewa unyagoni siku moja, mikeka tumesuka pamoja, anakaa nyumba ya tatu, kaachwa mara mbili na hakuna mara hata moja niliyomwona analia zaidi ya siku tatu. Akalichukua lile la bluu, akaligeuza mtu, akaligeuza gari, akapitisha dole gumba kwenye ukili mara tatu, kimya. Batuli kimya! Halafu akanitazama.

"Mama Saad, na huu kausuka mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Mwanamume?"

"Mwanamume, shoga, na ndevu zake."

"Makubwa haya! Basi mwanamume anayesuka hivi mimi anioe hata kesho."

Nikacheka nikijua mzaha. Wiki iliyofuata kaja na kikoi kipya, chema, cha mistari ya kijani, mpelekee fundi. Ningefanyaje, nikakitia sandukuni nijifikirie, Hussen akakiona, akadhani nimemnunulia yeye, akakivaa kwenda kuswali Ijumaa. Na nani kasimama kwenye kona? Batuli! Yeye akasema, "Shemeji, kikoi kimekukaa kama umepimiwa!" akacheka, akapita zake. Mimi hakuniuliza habari ya kikoi mpaka leo, ndiyo kwanza juzi kaleta fungu la ukindu kaupika rangi mwenyewe, zambarau, ananiambia mpelekee fundi, mwambie itafaa kwa lile jeusi. Na Ijumaa ya mwisho wa mwezi anataka twende naye Mitwero akamwone kwa macho, khanga mpya keshapiga pindo.

Sasa mshauri, nimewaza nimuue Fakihi, niseme kafa ghafla, lakini Batuli atataka kwenda kuhani, tutahani wapi? Niseme kaoa? Batuli kaachwa na wawili waliokuwepo, nimwachishe na wa tatu asiyekuwepo, hiyo si dhambi? Nikisema ukweli nitakuwa nimemfanya mjinga mtu mmoja ambaye maisha yangu yote hajawahi kunifanya mimi mjinga, na Batuli akinuna, mshauri, nitamsimulia nani habari za watu? Nimpoteze Batuli kwa sababu ya uongo wa kumnyamazisha wifi? Usingizi sipati. Na kuacha magari siwezi, usiniambie niache, hata sasa hivi ninalo hilo jeusi hapa, magoti yanagoma kukunja, nimelipaka rangi ya mlango likang'aa vizuri sana, ila magoti sijui yana nini. Na ile zambarau, niseme kweli, imelikaa! Nimeijaribu begani jana, nikaishiwa na maneno, mimi! Sasa niambie, Ijumaa yenyewe inakaribia, nifanye

Ebo, huyo Batuli uani anaita. "Mama Saad! Wee Mama Saad, bomba limetoa maji, utakuta foleni!" Ngoja nikachukue ndoo naku

*

MSHAURI ANAJIBU

Mama Saad (Kilwa mna akina Mama Saad wengi, usiogope), maji umeshateka, sasa kaa chini unisikilize mimi.

Kwanza pole. Mtu mwenye kazi nzuri mikononi hakustahili kujifungia chumbani kama anayepika gongo. Wifi alipokuuliza unamchezea nani, ungemjibu najichezea mwenyewe, yakaisha. Miaka hamsini na mbili si ugonjwa.

Sasa nikugombeze. Wewe habari zote za Masoko zinapita kwako, na iliyokaa mbele ya pua yako imekupita. Umeandika kwa mkono wako kwamba Batuli alipitisha dole gumba kwenye ukili mara tatu akanyamaza. Ulidhani anapapasa nini? Mmesuka mikeka pamoja tangu mko wasichana. Anajua wewe unabana wapi na unalegeza wapi, anaujua mkono wako kuliko anavyoujua mwandiko wake. Na hebu nieleze, ni mwanamke gani anayemtaka mwanamume akampelekea fungu la ukindu? Na ni mwanamke gani anayekuta zawadi ya mchumba imevaliwa na mume wa shoga yake, akacheka, akasifia? Huyo si mjinga, anakusubiri. Kila siku anakufungulia mlango na kila siku wewe unamwongezea Fakihi ndevu.

Usidhani nabahatisha. Barua yako haina mwisho wala jina. Uliiacha mkekani ukakimbilia ndoo. Lakini imenifikia, imekunjwa vizuri, ndani ya bahasha yenye anwani iliyoandikwa kwa kalamu ya kijani na mwandiko si wako. Posta ulikwenda lini, Mama Saad? Na kuku uwaombe radhi, maana ile barua ya kwanza nayo imo humo humo. Nyuma ya karatasi yako ya mwisho kuna maneno haya, nayanakili yalivyo:

"Mshauri nilijua tangu siku ya kwanza. Nimechokoza nimechokoza hasemi. Ya watu wote ananiambia, yake kanificha, hilo ndilo limeniuma. Mume sitaki nimeshawaona. Mwambie nataka bisibisi."

Umesikia? Hujamfanya mjinga. Umemfanya mgeni. Kwa mtu uliyetoka naye unyagoni hilo ni baya zaidi, na ndilo la kumwomba radhi.

Fakihi usimuue wala usimwozeshe, mwache tu asitajwe tena. Mitwero msiende. Toa hayo magari chumbani, tandika mkeka barazani, mchana kweupe, wapita njia waone. Muite Batuli, mwekee lile jeusi mkononi na bisibisi juu yake, useme: "Fundi ni mimi, nisamehe." Maneno manne. Usiyaongeze hata moja, nakujua. Kikoi Hussen aendelee nacho, kimemkaa. Wifi akipita akacheka, mpe kandambili na kisu akate tairi, mikono ikiwa na kazi mdomo hupumzika.

Na hayo magoti. Rangi ya mlango ni nzito, umeipaka mpaka ndani ya viungio ikakaukia humo, yatakunjaje? Fungua, kwangua taratibu, acha viungio vikavu, rangi ipite juu tu na iwe nyepesi. Batuli ashike miguu wakati wewe unafungua, kazi hiyo inataka mikono minne, nashangaa uliwezaje peke yako mwaka mzima.

Haya, inuka. Akikuita tena uani, toka bila ndoo.