Wasifu wa Baba Mkwe

Hellen, upo? Nimejifungia jikoni kwa wakwe hapa Kirua, naona aibu hata kutoka.

Shemeji yako Eliudi leo kajitia fundi. Kachomeka waya kutoka laptop yake hadi kompyuta ya mezani ya baba yake, ili wageni waone picha za kipaimara cha binti yetu Pamela kwenye skrini kubwa. Zikaunganika! Akapigiwa makofi.

Kumbe badala ya kuruhusu folda ya picha tu, karuhusu mafaili yake yote. Na aliyeshika mausi ni baba mkwe mwenyewe, mzee Aminieli. Hakuona picha. Aliona jina lake.

WASIFU WA MAREHEMU MZEE AMINIELI. Marehemu, Hellen! Naye kakaa pale na koti lake la kanisani!

Unakumbuka mwaka juzi alipolazwa, tukaambiwa tujiandae? Eliudi aliuandika wakati ule, mimi nikamchapia, naye hakuufuta. Tarehe ya kufa kaacha nafasi. Kaacha nafasi!

Mzee akausoma kwa sauti. Eliudi kachomoa waya, wapi, faili bado liko wazi.

“Nilizaliwa mwaka wa thelathini na nne, siyo thelathini na moja. Rekebisha.”

Akaendelea. “Na kaburi langu liwe migombani, karibu na mama yangu.”

Eliudi anasema, “Baba, nisamehe.” Mzee kafika mstari wa mwisho: baba tuliyempenda kuliko tulivyoweza kumwambia. Akavua miwani, akamtazama mwanawe.

“Hili nalo, Eliudi, ulikuwa unasubiri nisisikie?”



Hellen, mstari ule hakuuandika Eliudi. Niliuongeza mimi wakati nachapa.