Mguu wa Swara Usio na Kwato

Jumatatu, mwezi wa saba. Mtaa wetu wa Landless umefunikwa na wingu tangu asubuhi, baridi ni ile ya kuvaa sweta mbili, na mimi nina aibu.

Jana niliwapikia marafiki nyama ya swara. Au ndivyo nilivyoambiwa. Aliyeileta ni Mama Ciku wa Ruiru, ambaye tumefunga naye maboksi kiwandani hapa Thika miaka minane. Aliutoa mguu kwenye kiondo, umezungushiwa gazeti, akaninong'oneza kwamba ndugu yake ni mlinzi kwenye ranchi.

Mguu ulikuwa umechunwa wote. Hauna ngozi, hauna kwato.

Kwetu Bungoma, baba alipopata swara aliwagawia majirani, na kila mguu ulikwenda na kwato zake ili mtu ajue anakula nini. Nyama isiyo na kwato haikupokelewa. Na kwa habari tunazosikia siku hizi za punda wanaochinjwa kisiri na kuuzwa kama nyama nyingine, nani haogopi?

Nilimuuliza kwato ziko wapi.

"Aki wewe, unataka nishikwe nazo? Pika tu."

Jibu lilikuwa na maana, kwa sababu nyama ya porini ni kesi. Hata hivyo machale yalinicheza. Niliichemsha na magadi kidogo, nikaikaanga kwa kitunguu na nyanya, na muda wote nilimwangalia yeye kuliko sufuria. Tulipokaa kula, alichukua ugali na sukuma. Nyama hakuigusa. Alisema ameshiba, amekula kwake, na huku ugali anaumega kama aliyetoka kulima.

Basi nikajua. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa niungame. Hata mimi sikuonja. Nilijipakulia vipande viwili, nikavifunika kwa ugali, nikavirudisha jikoni. Atieno na Rose wa hapo hapo kiwandani, wageni wangu, walikula mpaka wakalamba vidole. Kama niliamini ni punda, mbona niliwaacha wale?

Leo kazini nimewatazama kwa jicho la pembeni, nikingoja mmoja ashike tumbo. Wazima kabisa. Wameuliza tutapika tena lini.

Saa ya chai Mama Ciku akaja kukaa kando yangu.

"Nafula, jana uliificha ile nyama. Nilikuona."

Nikasema tumbo lilikuwa linanisumbua. Hakulijali hilo. Aliniambia kwamba cucu, nyanya yake, aliwakataza nyama ya porini tangu wakiwa wadogo, na mpaka leo haimpiti kooni. Aliona haya kusema mbele ya wageni, wasije wakafikiri anawadharau. Lakini miaka minane amenisikia nikimsifia swara wa baba, ndiyo maana akamsumbua ndugu yake, ambaye angeweza kufungwa.

"Mimi nilikatazwa na cucu. Na wewe, ulikatazwa na nani?"

Akainuka, akarudi kwa mashine yake. Chai ikanipoa mkononi.

Na bado, Mungu anisamehe, kuna sauti ndani yangu inayouliza kama hiyo hadithi ya cucu ni kweli. Hiyo sauti ndiyo inayoniogopesha sasa, kuliko nyama yoyote.

Kesho nitamwambia tumbo langu lilikuwa zima. Atajua nilimdhania nini. Kisha itabidi Atieno na Rose nao wajue kwamba nilishuku, na nikawapakulia.

Nianze na nani?