Hadi Mkono Unapofika

4 Machi

Mama, shikamoo.

Natumai kikohozi kimekuacha. Mimi mzima, kazi tu ndizo zinaniendesha.

Mnunuzi wa nyumba amepatikana, mwalimu mwenye watoto watatu. Kabla hatujakubaliana ataleta fundi wa ujenzi aikague. Sitaki tuumbuke, kwa hiyo tumtangulie. Zunguka chumba kwa chumba uangalie kwa macho yako mwenyewe: nyufa, unyevu, mchwa, mabomba. Ukiona kitu niandikie, nitatuma mtu arekebishe kimya kimya.

Najua hupendi kuhama. Lakini kila nikifikiria uko peke yako kwenye nyumba kubwa namna hiyo, nakosa raha. Chumba chako huku kiko tayari, nimekipaka rangi nyeupe.

Kitindamimba wako

11 Machi

Mwanangu, marahaba.

Kikohozi kimeondoka, mwenye kikohozi yupo. Barua yako nimesomewa na jirani yetu fundi cherehani, maana miwani yangu imevunjika. Hii pia anaiandika yeye, usishangae mwandiko mzuri.

Nimekagua. Nimepapasa kuta zote hadi mkono unapofika, ni laini na kavu. Nimegonga fremu za milango, zinaitika vizuri, mchwa hakuna. Bomba la jikoni nimelisikiliza, linadondoka, ila halijafikia pua yako ya utotoni. Chumbani kwako pananuka vumbi, si unyevu. Mlango wa nyuma unafunguka, mradi uuinue kidogo kama kawaida yake.

Nyumba haina neno. Mwenye neno ni mwenye nyumba, naye hajaulizwa.

Mama yako

2 Aprili

Mama, shikamoo.

Habari za siku nyingi? Mnunuzi amejitoa.

Fundi wake hakukaa sana. Anasema alipotaka kuingia sebuleni tu aliuona ufa juu ya mlango, umeshuka kutoka darini, kidole kinaingia. Msingi upande huo umetitia. Hata mlango wa nyuma unakwama kwa sababu hiyo hiyo. Sisi miaka yote tumeuinua tukidhani ni ukaidi wa mbao.

Nilikasirika. Nilisema umeficha makusudi ili usihame. Kisha nikaisoma barua yako upya. Umepapasa, umegonga, umesikiliza, umenusa. Hakuna mahali ulipoandika kwamba umeona.

Mama, nijibu bila kunizungusha. Unaona?

Kitindamimba wako

20 Aprili

Mwanangu, marahaba.

Sijambo. Fundi cherehani amenisomea swali lako mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilijifanya sijasikia. Ufa huo anaapa naye hakuujua, sisi hukaa uani.

Sioni. Nabaki kuona vya pembeni tu, nikimkazia mtu macho uso wake unakuwa ukungu. Miwani haijavunjika, iko kabatini. Daktari wa macho alisema haitanisaidia tena. Sikukwambia kwa sababu ungekuja mbio kunibeba siku hiyo hiyo.

Humu ndani nachemsha chai, nafua, nafagia, simwombi mtu msaada. Kizingiti cha sebuleni kimelika katikati, mguu ukizama pale najua nimefika. Chumba cheupe ni kizuri, sikatai, lakini kwako nitakuwa mgeni wa kuulizia choo kila asubuhi. Naogopa hilo kuliko ufa.

Umeuliza, nimejibu. Ukitaka kuuza, uza.

Mama yako

5 Mei

Mama, shikamoo.

Natumai hujambo. Mimi sikuwa sawa kwa siku kadhaa, sasa nimetulia.

Nyumba haiuzwi. Ila ukuta ule haukai, lazima ubomolewe na msingi uchimbwe upya. Wakati huo utalala kwa fundi cherehani, nimeshamwomba, naye amekubali. Najua ndiye anayesoma hapa, namshukuru.

Fundi ujenzi nimemwambia ukuta urudi pale pale na mlango pale pale. Hata kizingiti akitengeneze kilivyolika. Aliniuliza kama nina akili timamu. Nilimjibu kwamba nilizonazo ni za kurithi.

Nimechukua likizo nije kusimamia. Habari za daktari mwingine tutazungumza nikifika, na usianze kukataa sasa hivi.

Kitindamimba wako

14 Mei

Mwanangu, marahaba.

Mimi mzima. Kitanda nimeshatandikiwa, na nimeonywa kwamba nikikoroma nitarudishwa kwangu hata kama ukuta uko chini.

Kizingiti kibaki hivyo hivyo, umefanya vizuri. Mlango wa nyuma ndio umwambie autengeneze ufunguke kama milango ya watu. Nimechoka kuuinua.

Na uje mchana, usije jioni. Ukikaa pale dirishani kwenye mwanga, nikigeuza kichwa kidogo, bado nakuona.

Mama yako