Nilikula Kabla ya Kusema

Mama yangu,

Mulembe. Natumai mgongo umepoa na yule ng'ombe mwekundu amezaa salama. Mimi niko mzima, mzima hadi wasichana wa huku Kariobangi wanalalamika. Gari nikishalipiga rangi siku hizi, fundi mwenyewe huja kunyoa ndevu mbele yake kama kioo. Na uone Kiswahili hiki kilivyonyooka, halafu mwambie yule aliyesema mtu wa kidato cha pili hawezi kuandika barua.

Naandika kwa sababu umezima simu. Tangu dada Nafula akwambie anamchukua mwanawe Simiyu waende Ujerumani, tukikupigia tunajibiwa na yule mwanamke wa kampuni tu, kwamba hupatikani. Simiyu humwambia huyo mwanamke akusalimie. Basi barua nampa jirani wetu, Baba Sifa, anayekuja huko kuzika. Keti kwanza. Vaa miwani.

Neno ulilonituma kabla hujazima simu nililishika: mtoto asiende. Ulimlea wewe tangu alipoachishwa ziwa, ulimtoa aje Nairobi kwa likizo tu, na baba yake alishapotea zamani. Mwenye sauti aliyebaki ni khocha, ndugu ya mama, yaani mimi. Ulitaka niliseme mbele ya Dieter, mume wa Nafula, na mbele ya wazazi wake waliokuja kutoka kwao. Nikakujibu, lala usingizi mama, umetuma mwanaume.

Sasa Jumapili wakatualika kula kwenye hoteli ya Kijerumani, huko upande wa matajiri. Nilivaa lile koti la arusi. Ukiniona ungedhani mimi ndiye mwenye hoteli. Ndani kulikuwa na wanaume watatu wanapiga muziki, wamevaa kaptura za ngozi zenye mikanda ya mabegani: mmoja kodiani, mmoja ngoma, wa tatu tarumbeta. Huyo wa tarumbeta ni mtu wetu wa Webuye! Nilipomkodolea macho akainama akaniambia kwa Kibukusu, "Wewe, acha kutazama magoti yangu, hii ni kazi." Dieter naye ananieleza kwamba hapo kila kitu ni cha kwao halisi. Mpishi nilishamwona dirishani, Mkamba mtupu.

Mama, desturi naijua. Aliyetumwa neno zito hagusi chakula cha wenyeji mpaka aliseme, akila, amekubali. Nakumbuka baba alivyoketi kwa wale watu wa Kimilili kutwa nzima, kuku akapoa mbele yake hadi mafuta yakaganda. Nami nilikuwa tayari kuketi hivyo. Lakini kila nikifungua mdomo, tarumbeta inafunguka. Nikisema "Wazee wangu," puuu! Watu wanagonga meza, wanaimba, mama Dieter ananishika mkono tuyumbe pamoja kulia na kushoto. Sasa mbele yangu kukawekwa mkate uliosokotwa kama kamba, una chumvi. Nikasema mkate si chakula, mkate ni wa chai. Nikaumega. Kumbe njaa ilikuwa inangoja mlango ufunguliwe. Ulipokuja mguu wa nguruwe, mzima, ngozi inalia kama karatasi, mimi hata sikumbuki nani aliniwekea kisu mkononi.

Muziki ulipopumzika nikajikaza. "Dada, nina neno kutoka kwa mama."

Nafula akatazama sahani yangu. Ulibaki mfupa, mweupe.

"Umekula, Wekesa."

"Nimekula nini? Umeona ugali hapa? Mtu asiyekula ugali hajala."

"Usinichezee. Mguu mzima, na mkate wa Simiyu ukamalizia. Baba angekula?"

Dieter akauliza, "Anasema nini?"

"Anasema chakula ni kitamu," Nafula akamjibu.

Mama Dieter akaweka mkono kifuani kwa furaha, akaniagizia mguu wa pili. Nikatafuta Kiingereza changu, na unajua ninacho kingi, nikapata "asante" peke yake. Wakati huo Simiyu alikuwa amesimama juu ya viatu vya baba yake Dieter, wanacheza, na anahesabu hatua kwa Kijerumani. Alifika kumi bila kukosea. Watu wakampigia makofi. Nami nikapiga, mama, nisikufiche.

Tulipokwenda kunawa nikamshika Nafula mkono, nikamwambia bado nitasema. Hakufoka. Ungemsikia wewe. Alisema, "Miaka mitano nilifua nguo za watu huko Umoja, mtoto wangu akimwita mama mtu mwingine. Mimi alikuwa ananiita Nafula. Nikimwacha tena, Wekesa, akirudi ataniita nani?" Wewe ungekuwa na jibu. Nilinawa mikono mara ya pili tu.

Ndege ni Ijumaa. Simwezi Nafula, simwezi Dieter, hata ule mguu wa pili sikuuweza. Jana nilimpeleka Simiyu Gikomba nikamchagulia koti la baridi. Akaniuliza, "Khocha, Kukhu naye tumchukulie?" Nikamwambia nyanya yake hasikii baridi.

Nisalimie shangazi Nekesa anayeuza samaki, na mjomba anayechunga, umwambie redio yake naitengeneza, asinitukane. Binamu yangu mdogo mwambie hata akivaa viatu vya mchuchumio hatanifikia. Na yule mwalimu wangu wa darasa la saba mpe mkono tu, mengine usimwambie.

Baba Sifa atafika Jumatano. Ukipanda gari la Alhamisi asubuhi nitakungoja stendi na koti langu la arusi. Neno lako lilikuwa kubwa, mimi nikalibeba kama mtu anayebeba maji kwa viganja. Kuzuia sitaweza kukusaidia. Lakini mtoto ataondoka akiwa ameagwa kwa mikono yako, si kwa barua.

Njoo, mama.

Mwanao aliyeshiba,
Wekesa